Nyanya wa Gredi ya Tano

Kwenye ukuta wa choo cha wavulana, katika shule niliyofundisha karibu na Ekerenyo, kuna methali iliyoandikwa kwa rangi ya buluu: Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwalimu mkuu ndiye aliyeagiza iandikwe. Fundi alipomaliza, tuliitwa walimu wote tukaitazame, na mkuu akasimama mbele yake mikono nyuma, kifua mbele, kama mtu aliyejenga hospitali. Mzee wa kanisa, baba wa watoto wazima, na bado alikuwa hawezi kutamka neno "hedhi" kwenye chumba chenye mwanamke. Alisema "yale mambo." Hedhi ni yale mambo. Kubalehe ni yale mambo. Hata kuhara kulikuwa na undugu na yale mambo.

Kwenye ratiba tulikuwa na kipindi cha afya na stadi za maisha, Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Hakikuwa na mtihani, na kipindi kisicho na mtihani katika shule zetu ni chakula cha Hisabati. Mwalimu wa Hisabati alikimeza kila wiki, na wazazi wakamsifu kwa bidii. Mambo yaliharibika siku mkaguzi alipokuja kutoka afisi ya kaunti na kumuuliza msichana mmoja wa Gredi ya Tano walijifunza nini katika kipindi kile. Mtoto hakujua kudanganya watu wazima bila kuagizwa. Alisema, "Kugawanya."

Kwa hiyo tuliitishwa mkutano, tutafute mwalimu wa kufundisha miili ya watoto.

Kwetu Gusii kuna heshima inayoitwa ensoni. Baba na mwanawe, mama na mwanawe, mtu na mkwewe, hawatajiani mambo ya mwili, hawaonani uchi, hawafanyi mzaha wa kitandani. Na ensoni haifuati tumbo ulilotoka peke yake, inafuata rika la ukoo: binamu wa baba yako ni baba yako, na mtoto wa binamu yako ni mwanao, hata kama mmelingana umri. Lakini nyanya na mjukuu wako huru. Babu anaweza kumwita mjukuu wake "mke wangu" na watu wakacheka. Siidharau ensoni. Nimelelewa nayo, na ninajua imelinda wasichana wengi. Ninaowadharau ni wanaume wanaoivaa kama koti la mvua, wakalitundika jua likiwaka. Kila Desemba, wavulana wakitoka kupashwa tohara, watu hao hao hujaza barabara wakiimba nyimbo ambazo zikitafsiriwa, hata mbuzi ataziba masikio. Wanaimba mbele ya mama wakwe zao. Januari wakirudi shuleni, wanashindwa kusema "kwapa."

"Mimi siwezi," naibu wa mkuu alianza. "Hao wote ni watoto wa ndugu zangu."

"Na mimi nimeolewa hapa," alisema mwalimu wa Kiingereza. "Nitasimama aje mbele ya watoto wa upande wa bwana yangu niseme hiyo maneno?"

Ikapita meza nzima hivyo hivyo, kila mmoja akitoa undugu wake kama mtu anayeonyesha tiketi. Mwishowe macho yote yakanigeukia mimi. Mimi ni wa upande wa Ogembo, nilikuwa nimepanga chumba sokoni, sina mume, sina mkwe kwenye ule mlima. Nilijua nimepatikana. Lakini mkuu alikuwa na wasiwasi mwingine: mtu wa nje kabisa hawezi kuachiwa watoto awafundishe yale mambo, wazazi watauliza ana haki gani.

Hapo naibu akakumbuka kwamba nyanya yangu mzaa mama alizaliwa mlima ule ule. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Fulani alizaa fulani, dada yake akaolewa Ogembo, yeye akazaa mama yake Madam. Alihesabu kwa uzito ambao sijawahi kumwona akihesabia mahudhurio ya wanafunzi. Alipofika mwisho aliinua kichwa, uso unang'aa.

"Madam yuko rika moja na babu zao," akasema. "Huyu ni magokoro wao."

Magokoro ni nyanya. Nilikuwa bado natafuta mchumba, nikatoka kwenye mkutano ule na wajukuu darasa zima. Nilicheka, nikawaambia mficha uchi hazai. Mkuu alitazama dari.

Nilikifundisha kile kipindi na, lazima niseme, nilikipenda. Watoto walinichukua kama walivyoambiwa. Siku nyingine zote nilikuwa Madam, Alhamisi mchana nikawa Magokoro, na maswali yakamwagika. Jasho la kwapa ni dhambi? Mtu akimeza mate ya mwenzake anaweza kupata mimba? Kwa nini mwalimu mkuu anatusalimia na mkono baada ya kutoka chooni na hatujasikia maji? Hilo la mwisho sikulijibu, nililiheshimu tu. Tulitoboa mitungi ya plastiki tukaifunga kwenye miti nje ya vyoo, tukapata vibuyu chirizi vyetu vya kunawia. Mkuu akavipiga picha akapeleka kaunti.

Katika darasa lile kulikuwa na mvulana mmoja mcheshi, golikipa, mdomo haufungi. Kila nafasi aliyopata alizungumzia kisu. "December tunaenda, Madam. Mimi na cousin yangu wa Nyansiongo. Mwenye atalia atabuyia mwingine mandazi mwaka mzima." Huyo binamu alikuwa mtoto wa dada ya mama yake, aliyeolewa huko huko Nyansiongo. Likizo nyingi alikuja kwa kina golikipa, na hata mimi niliwahi kumwona akisimama nje ya uwanja wetu, mwembamba, mkimya, akimshangilia mwenzake golini.

Siku ya somo la meno niliwaambia waje na miswaki ya mti. Golikipa wetu alikuwa na gego la utotoni lililolegea. Ili kuwachekesha wenzake alilishika, akaling'oa, akaliinua juu kama kombe. Wakampigia makofi. Nikampa kitambaa aume, nikaendelea na somo. Kengele ya kwenda nyumbani ililia akiwa bado anauma kitambaa, na kimelowa chote. Kesho yake alikuja shuleni akitema mate mekundu. Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Goti lake moja lilikuwa limefura, na alikuwa amezoea kulificha kwa soksi ndefu za mpira.

"Yeye hutoka hivyo, Madam," wenzake waliniambia, bila hofu yoyote, kama wanaonieleza kwamba anapenda ndizi. "Hata mjomba wake alikuwa hivyo."

Nilimwita mama yake. Alikuja kutoka shambani, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, tukakaa kwenye benchi nje ya ghala la vitabu. Alinieleza kuhusu kaka yake. Alipelekwa kisuni na wenzake, wenzake wakakauka, yeye hakukauka. Alitoka damu hadi ikaisha. Nyumbani walisema ni jicho baya la jirani, wakahamisha hata njia ya kwenda mtoni ili wasipite kwake. Nilikuwa nimesoma chuoni juu ya damu isiyoganda, ugonjwa ambao mama huubeba bila kuugua na kumpa mwanawe. Nilikwenda na mama huyo kwa muuguzi wa zahanati ya pale sokoni, naye hakuzunguka mbuyu. Alisema damu ya mtoto ipimwe hospitali ya Kisii kabla ya kisu chochote kumgusa, na kwamba ugonjwa ukipatikana, tohara inawezekana, lakini hospitalini, na dawa itangulie.

Mama alisikia yote. Kisha akavuta kitambaa chake cha kichwa. "Madam, mimi nimeelewa. Lakini hiyo ya kisu ni ya baba yake. Nikifungua mdomo ataniuliza mwanamke ameingia aje kwa mambo ya wanaume. Dada yangu wa Nyansiongo nitamwambia. Hii ya huku unisaidie."

Nilikwenda kwa mkuu. Nilidhani nimebeba jambo jepesi: muite baba wa mtoto, umwambie, mwanamume kwa mwanamume. Desemba ilikuwa inakaribia. Mkuu alinisikiliza akipanga kalamu zake mezani.

"Huyo baba yake kwa ukoo ni mtoto wangu," alisema. "Nitamuanzia wapi yale mambo?"

Nikamgeukia naibu. Yeye na baba huyo walipashwa tohara msimu mmoja, ni marika, hakuna neno wasiloweza kuambiana, na jioni nyingi wanaambiana hayo tu. Naibu alijikuna shingo. "Na mtoto akipatwa na kitu? Si watasema ni mimi nilimtabiria?"

"Basi nitamwambia mimi."

Wakatazamana. Naibu akatabasamu kwa huruma, vile mtu anavyomtabasamia mtoto aliyekosea jedwali la mara mbili. "Madam. Wewe ni magokoro wa kijana. Sasa baba yake ni nani kwako? Ni mtoto wako. Hiyo ni ensoni. Haiwezekani."

Nao wakatulia. Sitasahau utulivu ule. Mtoto alikuwa anaweza kufa, na watu wazima wawili wenye diploma walikuwa wametulia kwa sababu hesabu imeingia. Waliokuwa wanajua walikatazwa kusema, na aliyeruhusiwa kusema aliihofia shingo yake. Nilitoka nje nikanywa maji ya kibuyu chirizi.

Alasiri ile nilikwenda kituo cha kupimia majani ya chai. Baba wa mtoto alikuwa kwenye foleni, mtu mrefu, gambuti zimeoshwa, anajulikana kote kule kwa jinsi alivyosimama siku yake ya kisu bila kupepesa jicho. Bado watu walimsifia hilo, kama ndilo jambo la mwisho alilofanya duniani. Nilimsalimu, nikamwomba tusogee kando.

"Sema tu hapa, Madam," akasema kwa sauti ya kusikika. "Mimi sina siri na shule."

Nikasema hapo hapo. Nilisema damu, nilisema tohara, nilisema shemeji yake aliyekufa, nilisema hospitali. Karani aliyekuwa anapima aliacha gunia likining'inia kwenye mzani. Mzee mmoja alitema mate chini na kunipa mgongo. Baba wa mtoto alinitazama kutoka juu.

"Madam, uko na bwana?"

"Sina."

"Ndio maana."

Foleni nzima ilicheka. Alichukua gunia lake akaenda mwisho wa mstari, mbali nami. Nilirudi sokoni masikio yakiwaka moto, na nitakuwa mwongo nikisema nilijiona shujaa. Niliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo.

Kabla ya shule kufungwa, niliitwa mbele ya halmashauri ya shule. Mwenyekiti alitaka nitoe mbuzi wa kuosha aibu niliyomtia “mwanangu” wa kituo cha chai. Mkuu, kwa hekima yake, akapata njia ya kati: mbuzi asitolewe, ila kipindi kirudi kwa Hisabati. Wakamshukuru Mungu, wakafunga kwa maombi.

Nilikwenda kwetu Ogembo kwa likizo. Nyimbo zilipita barabarani karibu kila asubuhi, vijana na wazee wakipunga matawi, na kila zilipopita niliacha nilichokuwa nafanya nikasikiliza kwa hofu. Kisha siku moja mama wa golikipa akanipigia simu. Alinong'ona. Baba wa mtoto, bila kumwambia mtu, alikuwa amempeleka Kisii. Damu ilipimwa, ikapatikana na kasoro ile ile. Akapashwa huko huko, dawa ikiingizwa kwenye mshipa kabla na baada, akalazwa hadi akakauka. "Umenisaidia, Madam," alisema. Nilicheza peke yangu jikoni kwa mama yangu, hadi akaniuliza nimeposwa na nani.

Hilo ndilo nililojua hadi shule zilipofunguliwa. Mama yule alikuja akiwa amenyoa nywele. Tulikaa kwenye benchi lile lile, akanieleza yaliyobaki.

Mumewe alikuwa ameona aibu. Yeye aliyesimama kama nguzo, kijana wake amekatwa akiwa amelala kitandani na mrija mkononi? Basi waliporudi, aliwaambia watu mtoto alipashwa kwa rafiki yake upande wa Kisii, kwa kisu cha kawaida, alfajiri, wima. Mkewe alimkanya asifungue mdomo, na mtoto pia. Akampigia simu shemeji yake wa Nyansiongo, yule aliyeoa dada ya mkewe, akajigamba kwamba kijana hakutoa hata damu ya kujaza kijiko.

Na kule Nyansiongo, dada yake, aliyeonywa kama tulivyoahidiana, alikuwa amemwonya mumewe. Alimweleza juu ya kaka yao na juu ya damu ya ukoo wao. Mumewe alicheka. "Yule wa Ekerenyo si ni damu hiyo hiyo? Baba yake mwenyewe ameniambia. Amekauka vizuri." Akampeleka mwanawe. Mtoto yule mwembamba, aliyekuja kushangilia golini kwetu, alitoka damu mchana kutwa na siku iliyofuata. Walipoamua kutafuta gari, hakukuwa na wa kupelekwa.

Ng'ambo ya uwanja mwanawe alikuwa golini, soksi ndefu, hapigi kelele tena.

Wiki hiyo baba yake alinisubiri nje ya lango la shule. Hakuingia. Kofia ilikuwa mkononi, gambuti zina matope.

"Madam, kuna mdogo wake," alisema. "Wa huyo wa Nyansiongo. Bado mdogo, lakini siku itafika. Ninaomba twende umwambie baba yake. Wewe ni mwalimu. Wewe unajua kupanga maneno."

Nilimtazama mtu yule aliyenifanya nichekwe, nikataka kumtemea mate. Nilimwambia nitakwenda.

Tulikwenda Jumapili. Nyansiongo mashamba ni mapana, mahindi yalikuwa yameshavunwa, ng'ombe wa maziwa wakila mabua. Kaburi lilikuwa kando ya boma, udongo bado mwekundu. Mwenye boma alitutolea viti, mkewe akaleta maziwa ya mgando kwenye vikombe, akarudi jikoni. Mgeni mwenzangu alizungumza juu ya mvua. Akazungumza juu ya chai, juu ya barabara, akamsifu ndama. Aliposhindwa kabisa na kitu cha kusifu, akakohoa.

"Madam hapa amekuja na maneno," akasema.

Wote wawili wakanigeukia. Niliweka kikombe chini.

"Huyu ni mwanangu kwa hesabu ya ukoo," nikamwambia mwenye boma. "Mimi siwezi kutaja mambo ya kisu mbele ya mwanangu. Kwetu hiyo ni ensoni. Atasema mwenyewe."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeamua moyoni kwamba akishindwa kabisa, nitasema mimi, kwa sababu mtoto hakuwa na kosa. Lakini nilitaka kwanza akae ndani ya kimya kile, akionje. Alitazama gambuti zake. Alitazama lango. Kijana mdogo alitoka jikoni akashika goti la baba yake, akatutazama sisi wageni, na mdomoni alikuwa na pengo la jino.

"Kijana wangu," akaanza. "Kijana wangu hakupashwa kwa kisu cha nje. Ilikuwa hospitali. Iko ugonjwa wa damu, walipima wakaipata. Nilikudanganya."

Mwenye boma hakusogea. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha mtoto.

"Ulijua lini?" akauliza.

Mwanangu akanigeukia tena, macho yananiomba. Niliwatazama ng'ombe hadi akajibu.